Mume wangu amesema kura yangu ndiyo talaka yangu

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 21, mzaliwa wa Wete, na tangu nilipoolewa mwaka jana ninaishi na mume wangu Mkoani, katika nyumba moja na mavyaa wangu. Tarehe 29 ya mwezi huu wa Oktoba 2025, inshaallah, nitapiga kura kwa mara ya kwanza, kwani uchaguzi wa 2020 ulinikuta bado ni mwanafunzi wa skuli na umri wangu haujafika. Nilijiandikisha kwetu Wete kabla ya kuolewa, na sikuhamisha taarifa zangu baada ya kuja huku, kwa hiyo jina langu limo katika daftari la kule.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa samaki, ni mtu wa sala, na katika matumizi ya nyumba sina la kumlalamikia. Tatizo letu limeanza na kampeni. Yeye na ndugu zake wote ni wa chama kimoja tangu wazee wao, na jioni zake huzimalizia maskani, yaani kwenye kijiwe cha wanachama wenzake, ambako siku hizi hakuzungumzwi jambo jengine. Kwetu Wete ni watu wa chama cha upande wa pili. Hilo lilijulikana tangu siku ya posa, wazee wa pande zote mbili wakalifanyia utani, likapita, na mimi nikadhani limekwisha.

Wiki mbili zilizopita alirudi usiku kutoka kwenye mkutano wa hadhara akaniuliza nitampigia nani. Nilimjibu kwa ukweli kwamba bado ninasikiliza, kwamba kwa nafasi ya Rais wa Zanzibar nina mtu wangu na kwa Mwakilishi wa jimbo la kwetu nina mwengine, na huenda wasiwe wa chama kimoja. Alighadhibika kwa namna ambayo sijapata kuiona kwake. Mbele ya mama yake alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: “Siku utakayowapigia wale, ndiyo talaka yako.” Kisha akaongeza kwamba nikitoka kupiga kura nimuoneshe picha ya karatasi kwenye simu ili ajue nilichokifanya.

Mavyaa wangu alinifuata jikoni baadaye na kuniambia kwa upole kwamba zamani zao mwanamke alimfuata mumewe katika kura kama alivyomfuata katika mambo mengine, kwamba ameziona kwa macho yake ndoa zilizovunjika kwa ajili ya siasa, na kwamba nisiwe mjinga wa kuvunja nyumba kwa karatasi. Wifi yangu ana shauri jengine: anasema nimuitikie kaka yake, kisha nikifika ndani nifanye nitakavyo, kwani hakuna atakayejua. Lakini hapo hapo nasikia watu wakisema kwamba mawakala wa vyama wanajua nani kampigia nani. Mama yangu mzazi sijamwambia, kwa sababu baba akisikia atapandwa na hasira na jambo litakuwa kubwa.

Sitaki kuachika, wala sitaki kumdanganya mume wangu, lakini pia sitaki kura yangu ya kwanza iwe ya mtu mwengine. Nimefikiria hata kubaki nyumbani siku hiyo na kusema kwamba naumwa. Naomba unieleze: je, siri ya kura ipo kweli? Maneno aliyoyasema yana uzito gani? Na nitafikaje Wete bila ya ugomvi?

Mke Mgeni, Mkoani, Pemba

Waalaykum salaam, mwanangu.

Hofu yako kubwa, kwa nilivyoisoma barua yako, iko kwenye kituo cha kura, na mimi naona kituo ndicho chepesi kuliko vyote ulivyovitaja. Kizito ni yale maneno ya mumeo, kwa sababu sheria ya uchaguzi inaweza kukufichia kura yako lakini haina uwezo wa kuyaondoa maneno yaliyokwisha kusemwa mbele ya shahidi. Basi tuanze na jepesi tulimalize.

Tarehe 29 ni Jumatano. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekwisha kuwamo kwenye foleni wakati wa kufunga haondoshwi bila ya kupiga kura. Utasikia pia habari ya kura ya mapema ya tarehe 28. Hiyo ni ya watendaji wa uchaguzi, askari na wengine watakaokuwa kazini siku ya pili yake, wewe haikuhusu. Mzanzibari aliyeandikishwa hupiga kura tano. Mbili ni za Muungano, yaani ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na ya Mbunge, ambazo husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, yaani ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi na ya Diwani. Utaonesha kitambulisho chako cha mpiga kura, jina lako litatafutwa katika daftari na kutajwa kwa sauti ili mawakala walisikie, utapewa karatasi za kura, na utakwenda peke yako kwenye kituturi, ambacho kimezibwa ili asiwepo wa kukuchungulia. Humo utaweka alama ya vema kwa yule unayemtaka, utaikunja karatasi na kutoka kuitumbukiza katika sanduku lake. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, usikwangue wala usiandike juu yake; irejeshe kwa msimamizi na uombe nyengine.

Kila karatasi inajitegemea. Hakuna kifungu cha sheria kinachomtaka mpiga kura awe wa chama kimoja katika zote tano, na hilo ulilomwambia mumeo, kwamba Rais utampa huyu na Mwakilishi utampa yule, ni jambo ambalo watu wazima wengi hulifanya bila ya kulitangaza. Labda kosa lako pekee ni kwamba ulijibu swali ambalo hukuwa na wajibu wa kulijibu, na hata hilo siliiti kosa, kwa sababu aliyekuuliza ni mumeo.

Mawakala wa vyama kazi yao ni kuhakikisha kwamba aliyeitwa ndiye aliyekuja na kwamba hesabu inakwenda sawa. Watajua kuwa umepiga. Hawatajua umempigia nani. Kura huhesabiwa hapo hapo kituoni baada ya kufungwa, zikiwa zimekwisha kuchanganyika sandukuni, na fomu ya matokeo inayobandikwa nje ina majumla tu, haina jina la mtu. Wanaodai kuwa wanajua wanakisia kwa kutazama ukoo wako, mtaa wako na nguo uliyovaa, na mara nyingi sana wanajua kwa sababu mpiga kura mwenyewe alisema. Nguo iwe ya rangi isiyo ya chama chochote, na maneno yabaki nyumbani.

Picha usipige. Sheria za uchaguzi za Muungano na za Zanzibar zote zinailinda siri ya kura, na ni kosa kumtaka mpiga kura aoneshe karatasi aliyokwisha kuiwekea alama, kama ilivyo kosa kumtisha mtu ili apige kura kwa namna fulani au asipige kabisa. Mume hakutengwa katika makosa hayo. Akikupunguzia sharti na kukuambia kwamba badala ya picha uandike herufi ya jina lako au uweke alama ambayo mtu wake ataitambua wakati wa kuhesabu, ujue kwamba karatasi yenye alama ya kumtambulisha mpiga kura huhesabiwa kuwa imeharibika, kwa hiyo yeye mwenyewe atakuwa ameipoteza kura aliyoitaka. Simu iache kwa mama yako kabla ya kwenda kituoni. Ukiulizwa, jibu lako litakuwa la kweli: hukuingia nayo.

Sasa tuje kwenye talaka.

Mimi si kadhi na sina mamlaka ya kutoa fatwa, lakini ningekudhulumu kama ningekuambia kwamba yale ni maneno ya hasira tu na yatapita. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Unguja na Pemba, talaka iliyofungwa kwa sharti si jambo la kuchezea: likitokea lile lililoshurutishwa, talaka huhesabiwa kuwa imepita. Wapo wanazuoni wengine wanaotazama nia ya msemaji, kwamba ikiwa alikusudia kutisha au kuzuia na hakukusudia kuacha, huyahesabu maneno yake kuwa ni kiapo chenye kafara. Lipi litatumika kwenu, na kama mumeo anaweza kujitoa katika sharti alilolifunga, ni swali la kuulizwa mwenye elimu hiyo na kujibiwa baada ya kuyasikia maneno yenyewe kutoka kinywani mwa aliyeyasema.

Ndiyo maana shauri la wifi yako halikufai, ingawa naona amelitoa kwa mapenzi. Linakulinda usijulikane, na kujulikana hakukuwa shida yako. Tuseme umewapigia “wale” na hakuna aliyejua. Wewe utajua. Utarudi Mkoani na kulala kitanda kimoja na mtu ambaye huna hakika kama bado ni mumeo, na shaka hiyo hutaweza kumpa mwenzako mukaibeba pamoja, maana yeye ndiye uliyemficha. Umeniandikia kwamba hutaki kumdanganya. Nimelichukua neno hilo kwa uzito wake, na ushauri wangu wote umejengwa juu yake.

Mwende kwa kadhi, nyote wawili, kabla ya tarehe 29. Mahakama za Kadhi zipo Pemba, nazo zinafanya kazi chini ya Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, lakini sikwambii ukafungue kesi. Unakwenda kuuliza, kama watu wanavyokwenda kila siku kuuliza mirathi na eda. Kama mumeo anaona haya ya kuonekana kwenye mlango wa mahakama, yupo sheikh anayemuamini msikitini kwake, na ipo Afisi ya Mufti. Atakayekusikilizeni atauliza maneno yalikuwa yepi hasa, na hapo ule umakini wako wa kuyaandika kama yalivyotoka utafaa sana. Atauliza alikusudia nini. Na bila ya shaka atauliza “wale” ni nani, kwa sababu karatasi ni tano: je, mwanamke akimpa Diwani wa upande wa pili na nne zilizobaki akawapa watu wa mumewe, amewapigia “wale” au hakuwapigia? Mumeo hakulifikiria hilo alipokuwa ametoka mkutanoni na vipaza sauti bado vinamlia masikioni. Mtu mwenye akili zake, akiulizwa hivyo na sheikh kwa utulivu, mara nyingi huona mwenyewe alikojipeleka.

Namna ya kumuingilia mumeo ni muhimu kuliko hoja. Usimzungumzie jioni anapotoka maskani. Mngoje asubuhi, baada ya sala, kabla hajakwenda bandarini, na usitaje chama, wala mgombea, wala haki ya mwanamke, hata kama yote hayo unayo moyoni. Mwambie: “Bwana, yale maneno uliyoyasema mbele ya mama yamenikaa. Sitaki tuishi ndani ya shaka. Nakuomba twende tukaulize tujue tumesimama wapi.” Hayo hayana siasa ndani yake, na mtu wa sala hatayapuuza kirahisi, maana shaka hiyo inamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe.

Akikataa, mtafute mshenga wenu au mzee mmojawapo wa waliokaa siku ya posa, ikiwezekana wa upande wake, ambaye alicheka na wazee wenu juu ya tofauti hiyo hiyo ya vyama. Wao walijua wanaoza nani kwa nani. Na mama yako mwambie leo. Baba yako ana hasira zake, lakini mama yako ndiye ajuaye lini pa kumwambia na kwa maneno gani, na wewe hupaswi kulibeba jambo la talaka peke yako katika nyumba ya watu. Mavyaa wako vilevile usimhesabu kuwa ni adui. Aliyasikia maneno, kwa hiyo ni shahidi, na kwa upole aliokuonesha naamini yeye ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kumkalisha mwanawe kitako.

Ninaelewa anachokiogopa. Ameishi Pemba miaka ambayo jirani alikuwa hamuuzii jirani yake, watu wakasusiana kwenye harusi na hata kwenye maziko, na Januari 2001 Wete na Micheweni wakazika waliouawa kwa risasi katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa 2000. Ndoa kuvunjika kwa kura nako si hadithi. Baada ya uchaguzi wa 2015 vyombo vya habari viliripoti wanawake wa visiwani walioachwa kwa sababu waume zao hawakuridhika na walivyopiga. Kwa hiyo anaposema ameona, ameona. Pale anaposema kwamba zamani mwanamke alimfuata mumewe katika kura ndipo ninapotofautiana naye kwa heshima, kwa sababu ukirudi nyuma zaidi, katika uchaguzi wa mwanzo wa 1957, mwanamke wa Zanzibar hakuwa na kura ya kumfuatia mtu; wanaume ndio waliopiga. Wanawake waliingia katika uchaguzi wa Januari 1961. Na uchaguzi huo huo ndio ambao kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Vyama vya zama hizo viligawana hivi: Afro-Shirazi ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3, kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika na Baraza la Kutunga Sheria likawa 11 kwa 11, nchi ikalazimika kurudi kwenye uchaguzi mwezi wa Juni mwaka huo huo. Sijui kama yupo mtu mwenye haki ya kuiita kura kuwa ni karatasi tu mbele ya watu wa Chake Chake. Hata katika zama zetu, mwaka 1995 Rais wa Zanzibar alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na mwaka 2010 kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1.

Kama mumeo anakisoma hiki, naomba dakika zake chache. Ndugu yangu, Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 7, inampa kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na haikusema kwamba aliyeolewa haki hiyo huhamia kwa mumewe. Lakini hilo naliacha, kwa sababu najua sheria haipozi moyo wa mtu aliyekasirika. Nataka uwatazame viongozi wako. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu baada ya miaka ya uhasama, na Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Tangu hapo Katiba yetu inampa chama cha pili kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikifikia kiwango kilichowekwa. Maalim Seif aliapishwa katika kiti hicho Disemba 2020 baada ya kushindana na Dkt. Hussein Mwinyi, na alipofariki Februari 2021 akafuata Othman Masoud Othman, ambaye katika uchaguzi huu wa Oktoba 2025 anagombea dhidi ya Rais aliyekuwa akikaa naye katika Baraza moja la Mapinduzi. Wakubwa hawa wamepingana majukwaani na wamekaa katika serikali moja. Wewe unataka kuachana na mke uliyemposa mwenyewe kwa sababu huenda akamtaka mwakilishi ambaye wewe humtaki, tena katika jimbo ambalo hupigi kura.

Narudi kwako, mwanangu. Kituo chako ni kule ulikoandikishwa, na muda wa kuhamisha taarifa umekwisha, kwa hiyo Mkoani huwezi kupiga. Usingoje Jumatano asubuhi ukaanza kuomba ruhusa na kutafuta gari, maana siku hiyo usafiri huwa wa taabu. Omba mapema kwenda kuwasalimu wazazi, ikiwezekana tangu Jumatatu, na usifiche kwamba utapiga kura ukiwa huko. Ukificha, safari nzima itageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Utapanda gari ya abiria ya njia namba 603 hadi Chake Chake na kuunganisha na ya namba 606. Jumatano nenda kituoni mapema na mama yako, piga, rudi nyumbani, usikae nje kungojea matokeo wala kusikiliza makundi. Ukibaki Wete mpaka mambo yatulie, mwambie mumeo ni siku ngapi na utimize ahadi hiyo.

Tuseme sasa umefanya yote, kadhi amekwambieni kwamba sharti limefunga, na mumeo hataki kulegeza. Hapo una njia tatu na hakuna iliyo tamu. Unaweza kupiga unavyoona na kuyakubali yatakayofuata. Unaweza kupiga anavyotaka yeye. Unaweza kutokwenda. Nchini kwetu hakuna sheria inayomuadhibu mtu kwa kutopiga kura, na kati ya kumpa kura mtu usiyemtaka na kutokwenda, mimi ningechagua kutokwenda, nikamwambia mume kwa uwazi: sikwenda, na sababu unaijua. Kujifanya mgonjwa kusingenipendeza, kwa kuwa kungemfanya yeye aone kwamba hakukuwa na gharama yoyote kwa alichokisema. Lakini uamuzi huo ni wako wewe, si wangu, na ukiamua kwamba kura hii ina thamani zaidi kwako, hutasikia kutoka kwangu neno la kukulaumu. Ila uamue ukiwa umekwisha kuuliza, sio ukiwa kwenye kituturi.

Na kama hasira zake zitavuka maneno, akakuzuia usitoke au akainua mkono, hapo tumetoka katika mambo ya mshenga. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, na katika kituo cha Polisi uliza dawati la jinsia na watoto. Kila wilaya ina wasaidizi wa sheria wanaosikiliza wanawake bila ya malipo, na TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, ina afisi yake Pemba.

Jambo moja hukuliandika. Kitambulisho chako cha mpiga kura kiko wapi? Kama kiko kwa mama yako Wete, kiache huko huko. Kama kiko kwenye kabati ya chumba chenu, kichukue leo ukiweke pamoja na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi katika mkoba wako mwenyewe. Na kama amekishika mumeo, muombe akurejeshee mbele ya mama yake, kwa sababu kushikilia kitambulisho cha kura cha mtu mwengine ni kosa kwa sheria, na huenda yeye hajui. Akisema kimepotea, usibishane naye; nenda afisi ya Tume ya wilaya yenu ya Wete ukaripoti kabla ya mwisho wa wiki hii, wakuambie la kufanya wakati muda bado upo.

Bi Mshauri